Jezi ya vidoadoa Tour de France: pointi zinagawanywaje, na nani hasa anaweza kuichukua?

PedaliMbili ameuliza:

Wakuu, naandaa jedwali la Excel la kufuatilia mashindano ya mpanda milima bora kwenye Tour de France, ile jezi nyeupe yenye vidoadoa vyekundu. Nataka kila hatua (mbio za siku moja) ikiisha nijue nani bado yumo na nani hesabu zimeshamkataa. Nimeingiza matokeo ya miaka ya nyuma ili kulijaribu, lakini jumla zangu hazilingani na zile rasmi.

Kinachonichanganya zaidi ni 2020. Mpandaji Richard Carapaz anaingia hatua ya 20 akiongoza, hatua yenyewe ni mbio za mtu mmoja mmoja dhidi ya saa, jioni hana jezi. Siku kama hiyo hakuna anayefika kileleni mbele ya wenzake, sasa pointi za mlima wanazitoaje? Halafu kuna vilele vinavyotoa 20 mwaka mmoja na 40 mwaka mwingine. Na daraja la mlima nani analipanga, kwa kipimo gani?

La mwisho ni la mjadala. Mwaka 2020, 2021, 2022 na 2025 jezi hii ilikwenda kwa mtu yuleyule aliyebeba ya njano, yaani ya anayeongoza Tour nzima kwa muda. Mwindaji wa pointi asiye na habari na njano bado ana nafasi, au kazi yake imebaki kuivaa wiki mbili kisha kuirudisha?

---

Mwamuzi_wa_Kilele amejibu:

Mgawanyo wa miaka hii ni huu, kuanzia anayepita wa kwanza:

HC (daraja la juu kuliko yote): 20, 15, 12, 10, 8, 6, 4, 2
Daraja la 1: 10, 8, 6, 4, 2, 1
Daraja la 2: 5, 3, 2, 1
Daraja la 3: 2, 1
Daraja la 4: 1

Kosa la jedwali lako huenda liko hapa hapa. Ngazi hizi hazikuwa hivi siku zote. Mwaka 2015 HC ilianzia 25, kwa hiyo ukichukua matokeo ya mwaka ule ukayapiga kwa ngazi za leo huwezi kupata 119 za Froome, mshindi wa jezi mwaka ule, hata ukeshe. Weka ngazi za pointi kwenye karatasi yake, safu moja kwa kila mwaka, na fomula isome mwaka kwanza.

Kuhusu daraja: waandaaji ndio wanaopanga, na hakuna fomula waliyoitangaza. Wanaangalia urefu wa mpando, ukali wa mwinuko, na mahali ulipo ndani ya hatua. Mlima ule ule ukiwa kilomita ya 20 unaweza kupewa daraja la chini kuliko ukiwa wa mwisho. HC, yaani mlima uliovuka madaraja yote, iliongezwa 1979. Ile hadithi kwamba daraja lilitokana na gia ambayo gari lilihitaji kuupanda mlima inasimuliwa sana, lakini usiijengee fomula.

Ukitaka makadirio yako mwenyewe, zidisha urefu kwa mwinuko upate mita za kupanda. La Planche des Belles Filles ni km 5.9 kwa wastani wa 8.5%, kama mita 500, daraja la 1. Alpe d'Huez ni km 13.8 kwa 8.1%, zaidi ya mita 1,100, HC. Hapo mita mara mbili, pointi mara mbili, hesabu inaonekana ya haki. Sasa weka Mont Ventoux kutokea Bédoin: km 15.7 kwa 8.8%, karibu mita 1,380. Nao unatoa 20 zile zile. Juu ya HC hakuna ngazi nyingine, na hilo ndilo linalowafanya wawindaji waikwepe milima mikubwa kabisa. Milima miwili ya daraja la 1 iliyo mwanzoni mwa hatua inalipa sawa na Ventoux, na wanaogombea njano hawana haja nayo.

---

Saa_na_Mwinuko amejibu:

Nijibu la 2020 maana ndilo lenye utamu.

Baada ya hatua ya 18, Carapaz alikuwa na 74 na mshindani wake Pogačar 72. Hatua ya 20 ilikuwa km 36.2 kutoka Lure hadi La Planche des Belles Filles, na huo mlima wa mwisho, daraja la 1, ndio uliokuwa na pointi za maana zilizobaki. Katika mbio dhidi ya saa zenye mlima wa pointi, waamuzi wanaweka kipimo cha saa chini ya mlima na kingine kileleni. Kinachohesabiwa ni muda wa kutoka kipimo hadi kipimo. Muda wa hatua nzima hauna kazi hapo. Mwenye muda mfupi zaidi kwenye mpando anachukua 10, wa pili 8, na kuendelea hadi wa sita.

Maana yake ni kwamba mwenye kutaka vidoadoa tu anaweza kutembea taratibu kilomita 30 za mwanzo, akatunza miguu, kisha akaanza mbio zake mlima unapoanza. Pogačar hakuwa na anasa hiyo, alikuwa anamfukuza Roglič, aliyekuwa amevaa njano. Pamoja na hayo ndiye aliyeupanda mlima kwa kasi kuliko wote. Akafika 82. Carapaz akabaki na 74 alizokuja nazo, yaani hakuingia hata sita bora wa mpando. Siku moja Pogačar akazoa hatua, njano, vidoadoa, na nyeupe ya vijana tayari alikuwa nayo.

Kwa jedwali: siku za namna hii fungua safu ya "muda wa mpando" na upange kwa safu hiyo. Ukinakili matokeo ya hatua, utakosea. Mwaka 2023 ilikuwa hivyo pia kati ya Passy na Combloux, ambako Côte de Domancy ilikuwa na kipimo chake.

---

Mzee wa Gia Ndogo amejibu:

PedaliMbili, kuhusu 20 na 40: kuna miaka ambayo kanuni inazidisha pointi mara mbili kwenye vilele vilivyotajwa. Vimetajwa kwa majina kwenye kanuni za mwaka husika, usikisie.

2021 waliongeza mara mbili kwenye hatua mbili zinazoishia juu ya HC: Col du Portet na Luz Ardiden, hatua ya 17 na ya 18, siku mbili mfululizo. Pogačar alikuwa na 27 tu kabla ya hapo. Akashinda zote mbili: 27, 67, 107. Wout Poels aliyekuwa amezunguka milimani wiki nzima akichomoka na kundi la mbele alimaliza na 88. Pointi 80 kati ya 107 za mshindi zimetoka kwenye mistari miwili ya kumalizia. Kama unatafuta kwa nini mwindaji anaumia, anza hapo.

Baadaye waliihamisha hiyo nyongeza kwenye paa la mashindano, yaani sehemu ya juu kuliko zote mwaka ule. 2023 ilikuwa Col de la Loze, mita 2,304, na 2024 Cime de la Bonette, mita 2,802. Tofauti ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi. Miaka hiyo miwili kilele hicho hakikuwa mwisho wa hatua, bado kulikuwa na barabara mbele yake, kwa hiyo kundi lililochomoka asubuhi liliweza kupita pale kabla ya vigogo kuamka. Na miaka hiyo miwili ndiyo wawindaji walioshinda: Ciccone 2023 na Carapaz 2024. Sisemi ni sababu pekee, ila ramani ya njia inaamua nusu ya mashindano haya kabla hata hawajaanza kupiga pedali.

Kwa hiyo mwezi wa Juni, kabla ya mbio, fanya hivi: orodhesha vilele vyote vya HC na daraja la 1, na pembeni ya kila kimoja andika kama hatua inaishia hapo au inapita. Jumlisha pointi za mshindi kwa kila upande. Upande wa "inaishia" ukiwa mzito, tarajia jezi kwenda kwa mwenye njano. Upande wa "inapita" ukiwa mzito, mwindaji ana chake.

---

Nyuki_wa_Eldoret amejibu:

Hapo kwa 2022 msisahau kuwa hakukuwa na haja ya kuzidisha ili mtu aumie. Simon Geschke aliivaa siku tisa. Hatua ya 18, Lourdes hadi Hautacam, kulikuwa na Aubisque (HC), Spandelles (daraja la 1), halafu Hautacam (HC) kwa kumalizia. Kabla ya Hautacam kulikuwa na pointi 30 za mshindi. Geschke alizihitaji hizo, maana mlima wa mwisho hakuwa na ubavu wa kupigana na Vingegaard, aliyekuwa na njano. Miguu ikagoma pale Aubisque, na Vingegaard akashinda juu Hautacam. Mwisho: Vingegaard 72, Geschke 64, Pogačar 61.

Swali la kama mwindaji ana nafasi: anayo, lakini kazi ni ya kiufundi kuliko watu wanavyodhani. Nitaeleza vile timu inavyoipanga.

Ya kwanza ni kupoteza muda, na mapema. Mtu aliye dakika 3 nyuma ya njano hawezi kuruhusiwa kuchomoka, kundi kuu litamrudisha. Aliye dakika 25 nyuma anaachwa aende. Ndiyo unaona mpanda milima mzuri anajiachia kabisa wiki ya kwanza, anamaliza na kundi la wanaojikokota nyuma. Hajachoka, anajinunulia ruhusa. Ila awe macho na kikomo cha muda: ukimaliza nje ya asilimia waliyoweka kwa hatua hiyo, unaondolewa kwenye mashindano.

Ya pili ni kuingia kwenye kundi la mbele. Hapa wengi wanapoteza jezi bila hata kuona mlima. Kama hatua inaanza na barabara tambarare, mpandaji wa kilo 58 anapigania nafasi na watu wa kilo 78 wenye nguvu za kuvunja kundi, na saa nzima inaweza kwisha kabla mchomoko haujakubalika. Anahitaji msaidizi mzito wa kumvuta. Ciccone mwaka 2023 alikuwa na Mads Pedersen, mtu wa mbio za kumalizia, na hatua ya 20 kwenda Le Markstein Pedersen alimvuta kwenye milima ya mwanzo: Ballon d'Alsace, Croix des Moinats, Grosse Pierre. Milima ya daraja la 2, tano tano, na hesabu ikafungwa kabla ya Petit Ballon. Alimaliza na 106, Felix Gall 92.

Kwa nini mtu mzito anaweza kumvuta mpandaji mlimani? Kwa sababu ya kasi. Mwinuko wa 5% kundi linakwenda zaidi ya km 20 kwa saa na upepo bado una maana, aliye nyuma anaokoa nguvu. Mwinuko wa 9% kasi inashuka, faida ya kujikinga nyuma ya mwenzako inakuwa kidogo, na mzito anaachwa. Kwa hivyo msaidizi anatumika chini na kwenye milima ya daraja la 2 na 3. Kwenye HC kila mtu na mapafu yake.

Ya tatu ni kuchagua. Usifyatuke kwa pointi 1 ya daraja la 4 wiki ya tatu kama kuna HC mbili baadaye siku hiyo. Lakini siku za kwanza, pointi 1 ni jezi. Julai 2015 Daniel Teklehaimanot wa Eritrea alichomoka hatua ya 6 kuelekea Le Havre, akazoa vilima vya daraja la 4, akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kuvaa vidoadoa. Hakukuwa na mlima wa maana njiani siku ile. Kulikuwa na hesabu nzuri.

---

PedaliMbili:

Nyuki asante, umenifumbua. Huko kufyatuka kileleni kwenyewe kunakuwaje? Kwenye televisheni naona mtu anatoka mita chache kabla ya mstari, wenzake hawamjibu. Wamekubaliana?

---

Nyuki_wa_Eldoret:

Mara nyingi ndiyo. Kwenye kundi la mbele mmoja anataka vidoadoa, mwingine anataka ushindi wa hatua, na wa pili hana sababu ya kuchoma nguvu kileleni. Anamwachia, na huyu naye anavuta zamu zake bondeni. Tatizo linakuja wakiwa wawindaji wawili kwenye kundi moja.

Wakiwa wawili, makosa ni yale yale. Kutoka mapema, mita 400 au 500. Kwenye mlima baiskeli haina msukumo wa kuendelea yenyewe, ukipunguza nguvu sekunde mbili unasimama, mwenzako anakupita. Wengi hungoja hadi mita 150 au 200. Kosa la pili ni gia: njia za milimani mara nyingi hulegea mwinuko karibu na kilele, kutoka 8% hadi 4%. Aliye kwenye gia nyepesi anazungusha miguu hewani. Inabidi uongeze gia moja au mbili kabla ya kunyanyuka kwenye kiti, maana kubadilisha huku umesimama unasukuma kwa nguvu zote kunaweza kuruka mnyororo. La tatu ni kutojua mstari uko wapi. Mstari wa pointi unaweza kuwa kabla au baada ya kibao cha kilele, na kitabu cha njia kinaeleza. Kuna watu wamewahi kunyoosha mikono kwenye bango la matangazo.

---

Mzee wa Gia Ndogo:

Kwa kuwa gia zimetajwa: gia za mbele meno 54 na 40, nyuma 11 hadi 34, ni mpangilio wa kawaida siku hizi. 40 kwa 34, mizunguko 90 kwa dakika, unakwenda kama km 13 kwa saa. Inatosha kwa kuta za 12% bila kuua magoti. Baiskeli haiwezi kuwa chini ya kilo 6.8 kwa kanuni ya UCI (shirikisho la baiskeli duniani), kwa hiyo uzito unaopunguzwa ni wa mtu na chupa. Kilo moja kati ya 70 za mtu na baiskeli ni kama asilimia 1.4, kwenye mpando wa dakika 40 hiyo ni karibu nusu dakika. Ndiyo maana utaona chupa zinatupwa chini ya mlima wa mwisho.

Lakini mwindaji asiige hilo. Yeye yuko mbele saa nne au tano, anapanda milima minne kwa nguvu, na kinachomwangusha kwa kawaida ni njaa. Gramu 90 hadi 120 za wanga kwa saa, kuanzia saa ya kwanza, kabla hajasikia njaa. Akisubiri mpaka mlima wa tatu, tumbo halipokei tena. Na koti jepesi lazima avae kileleni kabla ya mteremko. Jasho na upepo wa km 80 kwa saa, anafika chini misuli imekaza, mlima unaofuata umekwisha kabla haujaanza.

---

Kigali_Milima amejibu:

Naongezea kidogo. Jedwali hilo usilipeleke Giro (mbio za Italia) wala Vuelta (za Uhispania). Giro jezi ya mpandaji ni ya buluu tangu 2012 (zamani ilikuwa ya kijani), na kilele cha juu kuliko vyote, Cima Coppi, kina ngazi yake ya pointi peke yake. Hiyo kwa maoni yangu ni busara, inajibu lile tatizo la Ventoux alilosema Mwamuzi. Vuelta ni nyeupe yenye vidoadoa vya buluu. Tour du Rwanda pia ina jezi ya mpandaji bora, na kwa nchi hii mpandaji asiyejua kuhesabu ana kazi, vilima haviishi.

Na kuhusu jina "mfalme wa milima", tusilibebe sana. Richard Virenque anashikilia rekodi ya Tour, mara 7. Bahamontes na Van Impe mara 6 kila mmoja. Virenque alikuwa mwindaji wa kuchomoka asubuhi. Wako watu waliopanda kwa kasi kuliko yeye wasiopata hata moja, kwa sababu jezi inajumlisha pointi, haipimi kasi ya mtu. Froome, mzaliwa wa Nairobi, aliipata 2015 bila kuikimbilia, pointi zikimfuata kwenye hatua zinazoishia juu.

---

PedaliMbili:

Basi nimebakiza mawili: wakilingana pointi, na kiongozi akijitoa. Na yule anayevaa kwa niaba nimhesabu?

---

Mwamuzi_wa_Kilele:

Wakilingana, anatangulia aliyepita wa kwanza kwenye vilele vingi zaidi vya HC. Wakilingana tena, daraja la 1, kisha la 2, hadi la 4. Vyote vikilingana, msimamo wa jumla wa muda unaamua. Kwa hiyo kila mpandaji anahitaji safu tano za "mara za kwanza", moja kwa kila daraja.

Akijitoa au akiondolewa kwa kuchelewa, mfute kabisa kwenye msimamo hata kama ana pointi 150. Pointi alizochukua hazigawiwi walio nyuma yake. Waliopita wa pili kwenye vilele vile wanabaki na pointi zao za wa pili.

Anayevaa kwa niaba usimhesabu. Kiongozi akiwa na njano pia, anavaa njano kwa sababu ina kipaumbele, na vidoadoa anapewa anayefuata ili jezi ionekane barabarani. Msimamo haubadiliki. Ndiyo maana unaweza kuona mtu kavaa vidoadoa siku nne na kwenye orodha hajawahi kuwa wa kwanza.

Na ile safu ya "nani bado yumo": chukua pointi za juu kabisa zilizobaki kwenye vilele vyote vya hatua zijazo, jumlisha na za mpandaji, linganisha na za kiongozi. Zikiwa chini, ametoka. Ila weka na safu ya pili, ile ile lakini bila hatua zinazoishia juu ya HC. Kwa mwindaji, soma hiyo ya pili.